Tembo wa Usiku, Tembo wa Mchana

Mtoto anayekulia kijiji kilichopakana na hifadhi humjua tembo kwa masikio kwanza. Humjua kwa mahindi yanayovunjika usiku wa manane, kwa debe analoligonga baba yake huku akipiga kelele, kwa mbwa wanaobweka wakirudi kinyumenyume. Asubuhi anakuta nyayo pana kama sinia katikati ya matuta, na mama yake ameshika kiuno, anahesabu mashina yaliyosalia. Shuleni anafika amechelewa, kwa kuwa njia ya kichakani haipitiki mpaka jua litoke sawasawa. Siku hiyohiyo mwalimu akiandika ubaoni "Faida za wanyamapori" na kuanza na fedha za kigeni, mtoto huyo atanakili kila neno, mtihani ukija atapata alama zake zote, na kichwani mwake hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Mara nyingi mtoto huyu hajawahi kumwona tembo mchana. Hajamwona jike mzee akiuongoza ukoo wake kwenda majini, wala ndama akihangaika kujifunza kazi ya mkonga, wala kundi zima likisimama kupapasa mifupa ya mwenzao aliyekufa. Magari ya watalii hupita barabara ya kijijini kwao yakitimua vumbi. Yamebeba watu waliotoka bara jingine kuja kutazama kitu kilichoko kilomita chache kutoka kitandani kwake.

Filamu inaweza kumpa mtoto huyu tembo wa mchana. Penseli na rangi zinaweza kumpa nafasi ya kuwaeleza wakubwa habari za tembo wa usiku. Elimu ya uhifadhi inayotumia filamu na sanaa inahitaji yote mawili, na kasoro yake kubwa katika shule za vijijini ni kwamba hulifanya la kwanza na kulisahau la pili. Watoto hukusanywa, huonyeshwa simba na twiga, hupiga makofi, hurudi nyumbani. Hakuna aliyewauliza wao wamewahi kuona nini.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Sensa za kutoka angani zilionyesha kuwa tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na majangili wa pembe ndio waliochangia zaidi. Kenya ilishapita tanuri hilo mapema: ilipofika 1989, mwaka ambao Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe mbele ya kamera za dunia, nchi hiyo ilikuwa imebakiwa na ndovu wapatao 16,000. Sensa ya kitaifa ya 2021 iliwahesabu 36,280. Ujangili umepungua pande zote mbili za mpaka, na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini tembo wanaongezeka huku mashamba nayo yakiongezeka, na shoroba walizozipita kwa vizazi sasa wanazikuta zimepandwa mahindi na ufuta, au zimepimwa viwanja. Serikali ya Tanzania hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na wanavijiji hawachoki kulalamika kwamba fedha hizo ni kidogo na huchelewa. Katika hali hiyo, uhai wa tembo umo mikononi mwa mkulima kuliko ulivyo mikononi mwa mwenye bunduki. Na mkulima wa mwaka 2040 hivi leo yuko darasa la tatu.

Kuwafuata watoto shuleni si jambo jipya. Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968. Tanzania ikafuata kwa klabu za Malihai mwaka 1980, makao yake yakiwa Arusha. Mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, aliketi na wanafunzi 12 barazani kwake Dar es Salaam, na mazungumzo yale yakazaa Roots & Shoots, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi duniani. Wapo wahifadhi wa leo waliofunguliwa macho na klabu hizo. Hata hivyo klabu hustawi palipo na mwalimu mwenye moyo, basi la kukodi na fedha za kiingilio. Shule ya msingi iliyo ukingoni mwa pori, yenye walimu wachache na madarasa yaliyofurika, huwa ya mwisho kufikiwa, ilhali ndiyo iliyo karibu zaidi na mnyama.

Sinema ya kufundishia, nayo, ilifika vijijini mwetu zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1935, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, ukigharimiwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya Carnegie ya Marekani. Hadi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35, na lori lenye mtambo lilizizungusha Tanganyika, Kenya na Uganda hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu ugonjwa wa safura, kilimo bora, akiba ya posta, kodi. Waigizaji walikuwa wenyeji. Waliopanga cha kusema walikuwa wengine. Mtazamaji alihesabiwa kuwa mtu asiyejua kitu, aliyeletewa majibu ya maswali ambayo hakuyauliza. Hulka hiyo ya Vugiri haijafa. Hadi leo magari ya uelimishaji huingia kijijini na ujumbe uliokamilika, yakatoka bila kubeba neno lolote la kijiji.

Ndugu wa hulka hiyo ni filamu ya mwaka 1959 iliyoipa Serengeti jina duniani. Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa nyanda zile kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka Januari mwaka huohuo, na mwaka uliofuata filamu yao ikatunukiwa Oscar. Nguvu yake haina ubishi: watu wa Ulaya ambao wasingefika Afrika maishani mwao waliipenda Serengeti na kuchangia fedha zao. Lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walilazimika kuhamia Ngorongoro, na Grzimek mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba hifadhi haina nafasi ya wafugaji. Mtoto wa kijijini akionyeshwa filamu za mkondo huo, zenye nyasi zisizo na mwisho na bila moshi wa jiko popote, hujifunza pasipo kuambiwa kwamba yeye hayumo. Nchi ile nzuri kwenye ukuta wa darasa haina baba yake, haina ng'ombe wao, haina njia ya kwenda kisimani.

Wapo walioona kasoro hiyo wakaishughulikia. Simon Trevor, aliyewahi kuwa mhifadhi wa Tsavo kabla ya kushika kamera, aliunda mwaka 1998 African Environmental Film Foundation, taasisi ya kutengeneza filamu za mazingira kwa ajili ya Waafrika wenyewe na katika lugha zao, Kiswahili kikiwemo. Mwanaikolojia Paula Kahumbu alikwenda hatua zaidi. Alihoji kwa nini filamu bora za wanyama wa Kenya zilikuwa zikitengenezwa na wageni kwa ajili ya wageni, na mwaka 2019 akaanza kuendesha mfululizo wa Wildlife Warriors kwenye televisheni ya Kenya, ambamo shujaa wa kila kipindi ni Mkenya anayefanya kazi porini: mtafiti, askari, mwanakijiji. Huyu ndiye aliyeshiriki pia kuandika kitabu cha watoto cha Owen na Mzee, kisa cha kweli cha kiboko mdogo aliyekwama baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akapelekwa Haller Park, Mombasa, na huko akamganda kobe mkongwe wa Aldabra. Mtoto wa Pwani anayesoma kisa hicho anaijua bahari ile, anaujua mto Sabaki, na pengine anamjua mvuvi aliyesaidia kuvuta nyavu siku ya uokoaji.

Je, kuna faida gani mtoto akimwona mtu wa kwao kwenye pazia? Uganda ilitoa jibu ambalo wahifadhi wangepaswa kulisoma kwa makini. Mtafiti Emma Riley aliwagawa kwa bahati nasibu wanafunzi wa sekondari jijini Kampala waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya taifa. Baadhi walipelekwa kutazama Queen of Katwe, filamu ya msichana wa mtaa maskini wa Katwe, Phiona Mutesi, aliyekuwa bingwa wa sataranji. Wengine walionyeshwa filamu ya kubuni isiyohusiana na maisha yao. Wale wa kundi la kwanza walifanya vizuri zaidi katika mtihani, hasa wa hisabati, na waliofaidika zaidi ni wanafunzi waliokuwa dhaifu. Saa mbili tu za sinema! Hakuna aliyewahubiria kusoma kwa bidii. Walimwona mtoto anayetembea kwenye matope wanayoyajua akifika mahali wasipotarajia mtu wa kwao kufika.

Kwa kijiji kilicho kando ya hifadhi, filamu ya aina hiyo ni ile ya mkulima aliyelala akavuna.

Anapatikana. Chini ya mlima Sagalla, karibu na Voi nchini Kenya, wakulima wanaopakana na Tsavo Mashariki wamezungushia mashamba yao uzio wa nyuki uliobuniwa na mtafiti Lucy King wa Save the Elephants. Mizinga huning'inizwa kwenye nguzo, mmoja kila baada ya mita 10, na yote huunganishwa kwa waya. Kati ya mizinga halisi huwekwa ya bandia, vipande vya mbao tu, ili kupunguza gharama. Tembo akisukuma waya apite, mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki hawahangaiki nayo: hufuata macho, nyuma ya masikio, ndani ya mkonga. Katika majaribio ya Sagalla, tembo wapatao 80 kati ya kila 100 waliosogelea uzio waligeuka, na mkulima akabaki na mahindi na asali juu yake. Ukame ukikaza, nyuki huhama na uzio hudhoofika. Hilo nalo lisemwe kwenye filamu, kwa sababu watoto hugundua haraka mtu mzima anapowaficha nusu ya habari.

Msingi wa ugunduzi huo wenyewe ni sinema tosha. King na wenzake huko Samburu waliwachezea tembo sauti ya nyuki waliokasirika kupitia spika iliyofichwa. Ukoo uliokuwa umetulia kivulini unainua vichwa, unatikisa masikio, unanusa hewa, halafu unatimua vumbi, majike yakiwasukuma watoto mbele. Ni dakika chache tu za picha. Mwonyeshe mtoto aliyezoea kumwogopa tembo, na kwa mara ya kwanza atamwona tembo akiogopa. Atamwona pia mama akimkinga mwanawe. Hofu yake haiondoki, wala isiondoke, kwa kuwa inamlinda. Lakini ndani yake sasa kuna mnyama mwenye akili, mwenye jamaa na anayekumbuka, badala ya kivuli kinachovunja mahindi.

Namna ya kuonyesha ina maana sawa na kinachoonyeshwa. Waandaaji wengi hupenda usiku, maana giza halilipiwi. Katika kijiji cha tembo hilo ni kosa la hatari: mtoto wa miaka tisa anayetoka uwanjani saa tatu usiku atapita njia ileile ambayo tembo huipita kwenda shambani. Onyesho liwe mchana, darasani. Madirisha hayana vioo wala mapazia, kwa hiyo zinahitajika turubai nyeusi au mablanketi ya wazazi, misumari na kamba. Jenereta likae mbali, nyuma ya vyoo, mngurumo wake usimeze sauti. Penye betri la sola, ni bora zaidi. Ukuta uliopakwa chokaa safi unatosha kuwa pazia. Wadogo wakae chini mbele, wakubwa kwenye madawati nyuma, na wasizidi darasa moja kwa wakati, kwani watoto 300 pamoja hulifanya somo kuwa mkutano wa hadhara. Filamu ya dakika 15 au 20 inatosha, mradi anayeendesha ajue kuisimamisha. Somo lenyewe limo katika yale mapumziko, pale picha inapoganda ukutani na mwalimu akauliza, "Huyu jike anamtazama nani?"

Hapa ndipo vijiji vyetu vina hazina ambayo wahifadhi hawajaigusa. Watoto wa Tanzania wamelelewa na vibanda umiza, mabanda ya video ambamo filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani hutafsiriwa kwa sauti ya msimuliaji anayeeleza, anayetania, anayewapa wahusika majina ya mitaani. Lufufu alijipatia umaarufu kwa kazi hiyo. Kenya ina DJ Afro. Wasomi waliwabeza watu hawa kwa miaka mingi, na wamewakosea. Msimuliaji wa banda anajua jambo ambalo mtengenezaji wa filamu za wanyama mwenye sauti nzito na ya taratibu halijui: namna ya kumfanya mtazamaji ajibu. Filamu ya Serengeti ikisimuliwa na mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kukaa na mtaalamu wa wanyamapori akaelewa mambo, ingefika mahali ambapo tafsiri safi ya studio haifiki. Fedha zinazotumika kuchapisha vipeperushi visivyosomwa zingelipa wasimuliaji kadhaa.

Kabla ya filamu, hata hivyo, ingepaswa kuja karatasi.

Mtoto akiambiwa achore mnyama kabla hajaonyeshwa chochote, anachora anachokijua. Tembo atajaza ukurasa na nyumba itabanwa pembeni. Atachora miguu ya watu wanaokimbia. Pengine atachora kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyekitarajia, na hapo mchoro unakuwa taarifa. Chukua simba wa kusini mwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini-mashariki. Watafiti walipochunguza kwa karibu walikuta kwamba mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na kwamba baadhi ya walioshambuliwa walikuwa wamelala shambani, kwenye madungu, wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba walimfuata nguruwe, wakamkuta mtu. Mtoto yeyote wa Rufiji au Lindi aliyewahi kulala dunguni na babu yake angeweza kuchora picha hiyo yote: mpunga, nguruwe, dungu, simba. Wataalamu walihitaji miaka kuifikia. Somo la uhifadhi likianzia kwenye mchoro huo linaelekea moja kwa moja kwenye swali lenye manufaa, yaani namna ya kumdhibiti nguruwe pori ili watu walale majumbani, na simba hatasingiziwa uovu wala kupambwa kwa sifa asizokuwa nazo.

Nchi hii imewahi kuona mtoto wa kusini akiwachora wanyama mpaka dunia ikageuka kutazama. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga na kazi za nyumbani kwa Wazungu Dar es Salaam kabla ya kuanza, mwaka 1968, kupaka rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao za dari. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi, na akaacha mtindo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Wanyama wake hawakutoka kwenye kitabu cha picha. Walitoka kwenye kumbukumbu na hadithi za nyumbani, macho yamewatoka, miili imejaa madoa na nguvu. Leo mtindo huo huuzwa kwa watalii katika kila duka la vinyago, huku mtoto wa Tunduru akimaliza darasa la saba bila kushika brashi. Inauma.

Uchoraji una kazi nyingine ambayo filamu haiwezi: unamlazimisha mtu kutazama. Huwezi kumchora tai bila kuuliza kwa nini shingo yake haina manyoya, na jibu lake, kwamba anaiingiza kwenye mizoga, linafungua mlango wa kueleza kazi ya usafi anayoifanya na namna anavyokufa kwa makundi mtu anapotia sumu mzoga akimlenga simba au fisi. Tai hatapata filamu kubwa. Si mrembo. Kwenye karatasi ya mtoto yuko sawa na chui.

Kutazama huko ndiko kulikomfikisha mbali Richard Turere, mtoto wa Kimasai wa Kitengela, ukingoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakivuka na kuwala usiku. Alijaribu moto, ikashindikana. Alijaribu sanamu ya kumtisha simba; usiku wa kwanza simba aliondoka, wa pili akazoea. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka boma na tochi aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Kwa betri kuukuu la gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha kuwashia indiketa cha pikipiki na balbu za tochi, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma, na simba hawakurudi. Alikuwa na miaka 11. Alipofika 13, mwaka 2013, alisimama kwenye jukwaa la TED huko California akieleza. Alisema wazi kwamba alikuwa akiwachukia simba. Wahubiri wa uhifadhi wangetaka kumwondoa kwanza chuki hiyo. Yeye alianza na ng'ombe waliokuwa wakiliwa, na mwishowe simba wakapona pia.

Upo mtego ambao elimu hii huingia kirahisi, nao ni wa kumgeuza mtoto kuwa askari wa nyumbani. Shindano la mabango latangazwa, mada ni ujangili, na mtoto ambaye baba yake hutega swala kwa nyaya ili walau wapate kitoweo anachora mtu mwenye pembe za shetani. Anapewa zawadi ya daftari, bango linabandikwa ofisini. Waandaaji wana nia njema, lakini wamempa mtoto mzigo usiokuwa wake. Nyama ya porini katika vijiji vingi hutokana na njaa ya protini na ukosefu wa fedha, na hayo ni mazungumzo ya watu wazima, maafisa mifugo na serikali ya kijiji. Shuleni mtoto achore mtego wenyewe na ueleweke unavyofanya kazi: kwamba waya hauchagui, humshika swala, na kesho yake humshika simba mwenye watoto au tembo mguuni. Baba yake abaki baba.

Kandokando ya Ruaha kuna jaribio linaloonyesha picha zinavyoweza kubadilisha hesabu za kijiji kizima. Ruaha Carnivore Project, ulioanzishwa mwaka 2009 na Amy Dickman wa Chuo Kikuu cha Oxford, ulipitia njia za kawaida kwanza: kuonyesha filamu za wanyama vijijini, kuwapeleka wanakijiji na wanafunzi hifadhini. Baadaye ukaja mpango wa kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Wanakijiji ndio wanaoziweka na kuzitunza. Kila mnyama anayenaswa kwenye picha ana alama zake, na alama hupanda kadiri mnyama alivyo adimu au alivyo na madhara kwa mifugo. Vijiji hushindanishwa, na chenye alama nyingi hupata fungu kubwa zaidi kwa ajili ya elimu, afya na tiba ya mifugo. Simba aliyepita salama kwenye ardhi ya kijiji sasa ana mchango katika daftari la shule. Picha zenyewe ndizo filamu bora ambayo darasa la eneo lile lingeweza kuonyeshwa: fisi, chui na mbwa mwitu kwenye mti ule ule ambao watoto hukaa chini yake wakichunga.

Watasema wengine kwamba haya ni anasa, kwamba shule yenye watoto wanne kwenye dawati moja inahitaji dawati kabla ya brashi. Hoja hiyo ina ukweli wake, na anayepanga bajeti ya halmashauri asiikwepe. Lakini mitaala imekwisha kufungua mlango. Elimu ya msingi Tanzania, kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, ina somo la Sanaa na Michezo na jingine la Jiografia na Mazingira. Mtaala wa umilisi wa Kenya nao umeipa sanaa nafasi. Vipindi vipo kwenye ratiba, ila walimu wengi hawajapewa cha kuvijaza. Mkaa hauuzwi, udongo mwekundu na majivu vinachanganyika na maji vikawa rangi, na ukuta wa nyuma wa darasa hauna kazi. Projekta moja ndogo na betri lake vinaweza kuzunguka shule zote za kata. Shirika la Hifadhi za Taifa la Tanzania lina mpango wa ujirani mwema ambao kwa miaka mingi umejenga madarasa na zahanati. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingelipa projekta, mafuta na posho ya msimuliaji.

Mpangilio wake si mgumu. Muhula uanze kwa watoto kuchora wanachokijua, bila kusahihishwa. Filamu ifuate, moja ya tembo wa mchana na moja ya mkulima wa Sagalla au jirani mwingine aliyepata njia. Halafu wachore tena, mara hii ukutani, kwa pamoja, wakieleza kijiji chao kilivyo na wanavyotaka kiwe. Siku ya wazazi wageni wasiwe wa kukata utepe tu. Mkuu wa hifadhi, afisa kilimo wa kata na mwenyekiti wa kijiji wapitishwe mbele ya ukuta huo, na mtoto aliyechora kila sehemu awaulize swali lake mbele ya watu wote: kifuta jasho cha baba kitalipwa lini, nani aliruhusu ushoroba upimwe viwanja, na mizinga ya kuanzia itatoka wapi.